Siku moja Kilwa Kisiwani: maoni ya fundi wa mawe kutoka Mikindani

Kabla sijasahau: ukienda Kilwa Kisiwani kwa siku moja, mwambie mwongozaji kwamba Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, lazima mfike. Mwambie mkiwa bado Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia boti, nahodha akisikia. Watu wengi hushuka kisiwani, wakaangalia ngome iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu, wakapiga picha pale msikiti wa kuba, jua likawazidi, wakarudi mjini kula samaki. Jirani yangu amekwenda mara mbili kwa mtindo huo, na nilipomsimulia niliyoyaona akadhani nazungumzia kisiwa kingine.

Mimi ni fundi ujenzi, makazi yangu Mikindani, na kwa miaka 19 nimekuwa nikikarabati nyumba za kale, zile za matumbawe na chokaa. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Walipofika kwenye miji ya kale ya pwani darasani, akaja nyumbani na swali moja: "Baba, nyumba za mawe unazitengeneza kila siku, Kilwa ushafika?" Sikuwa nimefika. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 300 tu, na Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, nimepita sijui mara ngapi nikienda Dar, sikuwahi kukata kulia.

Likizo ya mwezi wa sita tukaenda. Mdogo wangu, ambaye ni baharia na amewahi kufanya kazi kwenye meli za kitalii huko Karibiani, alinipa ushauri mmoja kwenye simu. Meli zile hulala njiani, asubuhi zinatia nanga kwenye kisiwa, abiria wanashuka, jioni lazima wawe wamerudi maana meli haimsubiri mtu. Kesho yake kisiwa kingine. Akasema wanaorudi na furaha ni wale waliochagua kitu kimoja wakakaa nacho, na wanaorudi wamenuna ni wale waliotaka kumaliza kisiwa kizima. Nikachagua majengo. Binti akasema na yeye anachagua hadithi. Tukakubaliana.

Safari ya kufika haina mengi. Basi la alfajiri kutoka Mtwara lilitushusha Nangurukuru mchana, tukapata gari dogo hadi Masoko. Gesti ilikuwa safi, maji yanatoka, neti haina tundu. Jioni tukapita ofisi inayosimamia magofu kulipia kibali. Mtanzania analipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje, ila nenda na kitambulisho. Usifikirie kwenda moja kwa moja ufukweni ukapanda boti bila kibali, utarudishwa.

Hapo ndipo tulipokutanishwa na mwongozaji, mzee aliyezaliwa Kisiwani kwenyewe na bado familia yake inaishi huko. Huyu ndiye aliyeifanya siku yetu. Binti alipomwamkia, mzee hakuanza kutoa hotuba. Alimuuliza, "Mjukuu wangu, shuleni wamekufundisha nini kuhusu kwetu?" Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga simu Kisiwani kwa mama mmoja, akaagiza chakula cha kesho mchana cha watu watatu. Halafu akahesabu maji: kesho yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Alituambia tuvuke mapema kwa sababu ni majira ya kusi, na upepo ukiamka adhuhuri mkondo unachafuka.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni. Tulikodi boti ya mashine kwa shilingi 40,000, kwenda, kutusubiri na kurudi. Bahari ilikuwa shwari, maji ya kijani, na kwa mwendo wa robo saa hivi Gereza likawa linakua mbele yetu mpaka ukaanza kuona jiwe mojamoja.

Mzee alimwacha binti ashuke kwanza, akamuuliza jina la jengo lile. "Gereza." Akamwambia neno hilo lilitoka kwenye Kireno, *igreja*, maana yake kanisa. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome hapo, wakakaa miaka michache tu wakaondoka. Kuta kubwa tunazoziona leo ni za Waarabu wa Omani waliojenga upya juu ya pale miaka mingi baadaye. Bahari imelila upande mmoja, ukuta umeanguka kabisa. Ndiyo maana ufukweni kuna mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya kuzuia mawimbi, na mikoko imepandwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu kwenye ukuta uliovunjika ndiko fundi anakoona ndani: mawe ya nchi kavu yamejazwa katikati bila mpangilio mkubwa, chokaa nyingi, na uso wa nje ndio uliopangwa kwa uangalifu. Ni vilevile tunavyozikuta kuta Mikindani.

Msikiti Mkuu ni dakika chache kwa miguu kutoka hapo. Nitaueleza taratibu.

Ukiingia kwa upande wa kaskazini, uko kwenye sehemu ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Ni ndogo, ilikuwa na paa bapa. Ukisonga kusini unaingia kwenye upanuzi uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na hapo kichwa kinainuka chenyewe. Nguzo kwa nguzo, matao kwa matao, na juu yake kuba na dari za mviringo zimefuatana. Sehemu nyingine zimebaki wazi na mwanga unashuka sakafuni.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa. Nyumba zetu za kale paa lake lilibebwa na boriti za mkoko. Boriti nzuri ya mkoko ina kikomo chake, ndiyo maana ukiingia nyumba yoyote ya kale ya pwani, vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana mita mbili na nusu, tatu ikizidi. Mti ndio unaokupangia chumba. Aliyejenga hapa alitaka watu wengi wasali chini ya paa moja, akaacha kutegemea boriti, akaubebesha uzito wote kwenye tao. Mara ya kwanza hakufaulu. Nguzo za awali zilichongwa kwenye tumbawe, jiwe moja moja zima, na paa likaporomoka. Likajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane za mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na hizo ndizo zilizosimama mpaka leo.

Kwenye begi langu timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, haikosi. Nilimwomba mzee ruhusa, nikaiinua kando ya nguzo moja bila kuigusa, uzi nimeushika juu kadiri mkono ulivyofika. Tukasubiri itulie. Upepo ulikuwa mdogo. Uzi ukashuka sambamba na ukingo wa nguzo, ukaachana nao kule chini kwa unene wa kidole changu cha shahada. Miaka mia tano na zaidi, chumvi ya bahari, mizizi, mvua za masika, na imehama unene wa kidole. Binti aliniuliza kama hiyo ni nzuri. Nilimwambia nimeshabomoa ukuta wa mwaka juzi uliokuwa umepinda kuliko huo.

Nikamwonyesha pia mahali palipochongwa. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, unalikata kwa tezo kama muhogo, unalichonga unavyotaka. Likishakaa juani linakuwa gumu na halirudi tena. Kwa hiyo mchongaji alikuwa na siku zake za kuhesabu, akichelewa jiwe linamkatalia. Ukisogeza uso karibu na jiwe la namna hiyo unaona vitundu vidogo vidogo kama nyota, ndimo alimokuwa akikaa mdudu wa tumbawe. Binti akaviangalia, akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo huu msikiti ulikuwa hai." Sikuwa na la kumjibu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote pale ni kuona viraka vya ukarabati vimepigwa kwa chokaa. Hili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyekosea. Nikiwa kijana, mwenye nyumba mmoja kwetu aliniamuru nipige lipu ya simenti juu ya ukuta wa kale kwa sababu inakauka haraka na inang'aa. Nikapiga. Masika mawili hayakupita, lipu ikadondoka vipande vipande, na kila kipande kimeondoka na uso wa jiwe mgongoni. Simenti inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, jiwe linaoza likiwa limefunikwa. Chokaa inaacha ukuta upumue. Lakini chokaa inataka subira: upange magogo duara, ulaze matumbawe juu, uchome, umwagie maji, kisha uiache miezi ndipo uitumie. Aliyefanya kazi ile Kisiwani ameijua kazi yake.

Hapohapo msikitini mzee akamlipa binti sehemu yake. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani yuleyule aliyepanua msikiti, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja sultani anatoka kuswali, fakiri kutoka Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo alizovaa, zile zile. Sultani akasema utapewa. Fakiri akasema sasa hivi. Sultani akarudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akamwambia ingia uzichukue. Fakiri akaondoka nazo kichwani. Baadaye mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mzee aliposema "watumwa" hakuharakisha. Alimtazama binti akamwambia, "Na hilo nalo uliandike kwenye daftari lako. Ukarimu ule ulikuwa na watu ndani yake ambao hawakuulizwa." Nimewahi kuongozwa sehemu nyingine, sijawahi kusikia mwongozaji akisema hivyo mbele ya wageni wake.

Kitu kingine alichosema kimenikaa. Ibn Battuta aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, lakini akaandika kuwa nyumba zake zilikuwa za miti. Tunayoyaona leo ni misikiti na makasri. Nyumba za watu wa kawaida, za miti na udongo, zimerudi ardhini. Kisha ukitembea hatua chache unaingia kijijini, nyumba za miti na udongo zimesimama, nyingine makuti, nyingine bati, kuku wanapita, mama anapepeta mchele. Mji ule haujaisha.

Msikiti mdogo wa kuba nitaupitia haraka ingawa ndio uliobaki mzima kuliko mingine. Ni wa karne ya 15, ndani una sehemu tisa, tatu kwa tatu, na ukiinua macho darini unaona mahali palipopachikwa mabakuli yaliyotoka ng'ambo kama mapambo. Makutani, kasri lenye ukuta mrefu, tulilizunguka tu. Pale binti aliokota kigae cha chungu, rangi ya kijani kibichi, kinang'aa. Mzee akakipokea, akakigeuza kwenye jua atuonyeshe, halafu akakirudisha palepale kilipotoka na kukikanyagia kwa soli ya kandambili. Hakuna kuondoka na kitu. Tafadhali mtakaokwenda muwaambie watoto mapema, maana ardhi yote ile ina vigae na mkono unawasha.

Chakula tulikula kwa yule mama, barazani, kwenye mkeka. Wali wa nazi, changu wa kupaka na kachumbari yenye pilipili ya kutosha, shilingi 7,000 kila mmoja. Nazi ilikuwa imekunwa asubuhi ileile, unaijua kwa harufu. Lazima uagize siku moja kabla, na maji ya kunywa beba mwenyewe ya kutosha. Tukiwa tunakula mzee akatusimulia kuhusu sarafu. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe, za shaba, zenye majina ya masultani wake. Mwaka 1944, mwanajeshi aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu mchangani, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, hakuna anayejua kwa hakika. Binti aliacha kula.

Mzee alisema siku nyingine meli kubwa ya kitalii hutia nanga nje, wageni wakaletwa kwa vijiboti, wakapewa saa chache, wakaondoka. Wengi hawafiki tunakokwenda sisi baada ya chakula.

Kwenda Husuni Kubwa ni mwendo wa nusu saa hivi, katikati ya mashamba, minazi na mibuyu mikubwa. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Jengo liko juu ya jabali, bahari iko chini yake. Al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyelijenga, vyumba zaidi ya mia moja, na wataalamu wanasema halikukamilika wala halikukaliwa muda mrefu. Kuta nyingi zimebaki za kiunoni, kwa hiyo asiyejua anaweza kuona mawe tu. Sisi tulikuwa na mzee. Alitutembeza kama mtu anayetuonyesha nyumbani kwake: hapa uwanja wa bidhaa na maghala yake, hapa ngazi za kukaa watu, hapa sultani, huku njia ya kushuka baharini.

Halafu bwawa. Ni la pembe nane, limechimbwa na kujengwa, na kwenye kila upande kuna mchongo wake. Nilishuka kwa macho kila kona. Kuchora pembe nane kwenye karatasi kila mtu anaweza, lakini kuisimamisha kwa mawe, iliyo sawa pande zote, ikashika maji, inataka kamba, kigingi na mtu asiyelala na kosa. Nilikaa ukingoni karibu saa nzima. Nilikuwa nafikiria mafundi, si sultani: walikula wapi mchana, nani alikuwa anakoroga chokaa, kijana gani alitumwa maji. Binti alikuwa anachora bwawa kwenye daftari, mara tatu alifuta.

Sasa lawama yangu, na ni ya kweli. Tuliporudi ufukweni saa kumi jioni, boti haikuwepo. Nahodha tuliyemlipa nusu na kukubaliana atusubiri alikuwa amekwenda kubeba watu wengine. Tulikaa zaidi ya saa moja, kusi limeamka, maji yanakupwa, na simu yake ikiita bila kupokelewa. Alipokuja alitaka 15,000 zaidi, eti kwa sababu bahari imechafuka. Na majaketi ya kujiokolea aliyokuwa nayo asubuhi sasa hayakuwemo botini. Nilikataa kumpandisha mwanangu. Mzee alisimama upande wetu bila kusita, akamwita kijana mmoja wa Kisiwani mwenye boti ndogo zaidi lakini ina majaketi yote, akatuvusha kwa 20,000. Alikata mawimbi taratibu kwa pembeni, tukalowa mpaka kifuani, tukafika. Kwa hiyo: usilipe hata nusu kabla, angalia majaketi kwa mkono wako asubuhi na jioni, na mwombe mwongozaji akuchagulie nahodha. Boti ya asubuhi sitaipanda tena kwa bei yoyote.

Mwongozaji nampa nyota tano, na kama zingekuwa saba ningempa. Chakula nne, kwa sababu kilichelewa kidogo. Kisiwa chenyewe sijui nikipimeje.

Desemba shule zikifungwa tunarudi kwa ajili ya Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Kisiwani tangu mwaka 1981. Mzee ameshatuambia ni mbali zaidi kwa boti, na kushuka kunategemea maji, kwa hiyo tutamwachia yeye kuchagua siku. Kijana wa boti ndogo nimeshamwekea nafasi. Binti amesema safari hii timazi ataishika yeye.